Viatu vya Muuza Chai

“Chai imepoa.”

Ni hayo tu. Simu ikakatwa.

Zuhal aliirudisha Nokia yake mfukoni akaendelea kutazama maji. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mkate wa ufuta, ule wa duara kama bangili, na shakwe walikuwa wakigombana juu ya kichwa chake wakingoja autupe. Hakuutupa. Alikuwa amesahau kama anao.

Maneno yale yalipangwa zamani, baina yake na mkubwa wake wa kazi, Bwana Sabri, siku ile Nejdet alipovaa kwa mara ya kwanza koti jeupe la wauza chai wa vivuko. Yalikuwa na maana moja.

Nejdet amekufa.

Kivuko kilikuwa katikati ya mlango wa bahari, Ulaya nyuma, Asia mbele. Ulikuwa mchana, unavuma ule upepo wa kusini unaowaumiza watu vichwa, na abiria wamejikunyata na glasi zao za chai. Hapa katikati ndipo Nejdet alipopenda kumfikia. Angetokea upande wa injini, sinia limekaa juu ya vidole, akainama na kuuliza kwa sauti ya biashara, “Chai, dada?” Habari za kazi zilikaa chini ya kisahani.

Akishazitoa, hakuondoka upesi. Alikuwa na hadithi. Kuhusu Mnara wa Binti ule pale baharini, namna mfalme alivyomficha mwanawe asiumwe na nyoka, na nyoka akapelekwa humo humo ndani ya kikapu cha zabibu. Kuhusu mtu aliyejifunga mbawa akaruka kutoka mnara wa Galata mpaka Uskudar. Kuhusu makasisi walioingia ndani ya ukuta siku mji ulipotekwa, wangali humo, wanangoja ukuta ufunguke wamalizie sala yao.

“Mji huu kila jiwe lina uongo wake, dada,” alikuwa akisema. “Na mimi naupenda uongo wote.”

Zuhal alijisogeza nyuma ya ngazi ya chuma pasipokuwa na mtu. Chini ya nywele zake, ndani ya sikio, kilikaa kipokea sauti kidogo kama mbegu ya tikiti. Alikibonyeza.

“Lini?”

“Alfajiri,” alisema Sabri. “Gatini Karakoy.”

“Kwa kitu gani?”

“Kisu. Ni Tahsin, yule mtu wa Valke.”

Valke alikuwa mgeni, mnunuzi wa vitu vya kale, mtu wa koti la sufi laini na lugha safi kuliko ya walimu. Miezi hiyo alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu hai aliyekuwa amekiona: kichwa cha nyoka wa shaba, kilichochimbuliwa chini ya tanuri la mkate karibu na Uwanja wa Farasi. Nguzo ya nyoka watatu waliosokotana ingali imesimama pale uwanjani, haina vichwa. Wazee husema nyoka wale waliulinda mji na sumu, mpaka sultani mmoja akapita na farasi wake akalivunja taya la mmojawapo kwa rungu, na kiangazi kile nyoka wa kweli wakaingia majumbani mwa watu. Kipande cha taya kimo makumbusho. Vichwa vingine vilipotea.

Sasa kimoja kilikuwa ndani ya kasha, na kasha lilikuwa linakwenda kupandishwa meli iitwayo Orsola, inayong'oa nanga bandari ya Haydarpasha jua likizama.

“Kasha lipi?” aliuliza Zuhal.

“Ndiyo shida. Bandari imejaa makasha, na meli ni ya watu. Hatuwezi kuisimamisha kwa kubahatisha. Jana jioni Nejdet alileta ujumbe: Nyoka amelala, pacha wake ninamkanyaga.”

Zuhal alielewa papo hapo. Nejdet alikuwa amepewa vidude viwili. Kimoja alikidumbukiza ndani kooni mwa nyoka, nacho kililala kimya, hakionekani na mtambo wowote. Cha pili ndicho cha kukiamsha. Hicho alikuwa amekificha kwenye kisigino cha kiatu chake cha kushoto.

“Valke anayo simu ya marehemu,” Sabri aliendelea. “Ujumbe ameusoma. Anadhani Nejdet ni wa genge jingine. Tahsin anavitafuta viatu hivyo sasa hivi. Hospitali imeshampa mama wa Nejdet vitu vyake. Uskudar, kichochoro cha juu ya msikiti.”

“Na kifo chenyewe kitasemwaje?”



“Polisi wamekuta madawa ya kulevya kwenye sanduku lake la sukari.”

“Wamekuta, au mmeyaweka?”

“Zuhal. Juu ya Valke wako wengine. Wakijua tulikuwa na mtu vivukoni watajificha wote. Atazikwa kama muuza chai aliyejiingiza pabaya. Hakuna bendera, hakuna hotuba. Na wewe utanyamaza. Ni amri.”

“Mama yake ana nani mwingine?”

“Hana.”

Kivuko kikagonga matairi ya gati la Uskudar.

*

Alipanda Vespa, pikipiki yake ndogo ya kijivu aliyoiacha gatini, akakwea kile kichochoro kwa gia ya chini. Aliuona mlango kabla ya kuuliza. Ulikuwa wazi, na jozi za viatu vya wageni zimejaa ngazini. Lakini nje, barabarani, pembeni mwa kizingiti, pale ambapo viatu vya marehemu huwekwa vikielekezwa njia ili apitaye mwenye shida avichukue, hapakuwa na kitu.

Vimeshachukuliwa.

Akavua vyake akaingia.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake na haikuwa na sauti. Msiba wa Uskudar una kilio chake, una mtu wa kuanza na watu wa kuitikia, lakini hapa kila mmoja alitazama mikono yake. Jikoni, mama wa marehemu, Bi Pakize, alikuwa amesimama mbele ya sufuria anakaanga suji ya halua. Mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, shungi jeupe. Suji ya msiba haiachwi mpaka ipate rangi ya udongo, na kila aingiaye hushika mwiko akakoroga kidogo na kumwombea aliyekufa. Mwiko ule hakuna aliyekuwa ameupokea.

Mlangoni mwa jiko jirani mmoja mnene, Mujgan, alikuwa anamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika. Kwamba ndiyo maana alikuwa na viatu vya ngozi. Kwamba muuza chai gani. Kwamba wengine tunaumwa na uti wa mgongo kwa kufua nguo za watu, wengine wanauza madawa kwenye sukari.

Zuhal alimpita. Akaushika mwiko.

“Poleni, mama.”

Bi Pakize alimtazama uso, kisha mikono. “Umemjuaje mwanangu?”

“Nilikuwa nakunywa chai yake. Kwenye kivuko.”

“Ilikuwa nzuri?”

“Ilikuwa nzuri.”

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama aliyelipwa kitu. Zuhal alikoroga. Suji ilikuwa ikinuka siagi na kokwa za msonobari, na jasho lilimtoka, akakoroga kwa sababu hakuweza kuanza na viatu. Mtu hawezi kuingia msibani akaanza na viatu.

Bi Pakize alianza mwenyewe. Alisema walimpa vitu vya Nejdet kwenye mfuko wa nailoni, na viatu vilikuwa na damu mpaka ndani ya matundu ya kamba. Alivifuta kwa maji vuguvugu na mswaki, akavianika dirishani, akavipaka rangi mara mbili, akabadili na kamba. Hawezi kumvisha maskini damu ya mwanawe. Akaviweka nje akakaa nyuma ya pazia. Watu wa mtaa walipita wakaviruka kama mavi ya paka. Moyo ulimwuma sana. Viatu vya maiti vikikawia mlangoni ni kama watu wamesema neno.

“Halafu akaja yule mwokota maboksi, mwenye mkokoteni, mtu wa Mardin. Sheyhmus. Vyake vilikuwa vimefumuka, vidole nje. Akasimama. Akainua mikono akasoma Fatiha, hakukatiza. Ndiyo akavaa.” Sauti yake ilitulia. “Vilimkaa. Kama vyake.”

“Amekwenda wapi, mama?”

“Nyuma ya makaburi ya Karajaahmet, ndiko wanakopima karatasi. Hata yule kijana mwingine nimemwelekeza huko.”

Mwiko ukasimama. “Kijana gani?”

“Wa jaketi jeusi. Naye aliuliza viatu, akasema alikuwa rafiki. Akanibusu mkono akauweka kwenye paji la uso wake, akaniambia Mungu akupe subira. Ni huyo peke yake leo aliyenibusu mkono.”

Zuhal alimrudishia mwiko. Akaondoka bila kukimbia mpaka alipofika mlangoni.

Kisha akakimbia.

*

Misonobari mirefu ya Karajaahmet ilimpita upande wa kulia kama ukuta mweusi. Alikata kushoto, kwa njia isiyopitika gari, akaingia kwenye uwanja wa makaratasi, akazima Vespa, akaisukuma nyuma ya marobota.

Sheyhmus alikuwa ameketi juu ya mkokoteni wake uliopinduliwa, anakula mkate na kitunguu, miguu ameinyoosha mbele ili avione viatu. Mtu mzima mwenye masharubu ya mvi. Hapakuwa na mwingine. Wenzake walikuwa mitaani.

“Kaka, salamu.”

“Salamu, dada. Kama umeleta magazeti, mizani imeharibika.”

Alimweleza upesi, bila kumficha, kwamba viatu vile vina kitu kisiginoni na kwamba mtu aliyemuua mwenye viatu yuko njiani. Sheyhmus alitafuna, akameza.

“Nimezoea kuombwa nitoke barabarani,” alisema. “Kuombwa viatu, leo ndiyo mara ya kwanza.”

“Sina muda, kaka.”

“Dada, sikiliza. Asubuhi nilikuwa navuta maji kwa soksi. Mtu asiyenijua kanivisha. Nikikurudishia wewe, yeye huko aliko atapata nini? Sadaka ya maiti hairudishwi.”

“Sitaki viatu. Nataka kisigino cha kushoto. Nitakigongea tena mwenyewe, haki ya Mungu.”

Sheyhmus akaweka mkate chini, akainama kufungua kamba.

Renault ikafunga breki nje ya lango.

Zuhal alikuwa nyuma ya robota la maboksi kabla vumbi halijatua, Beretta mkononi. Alimwona Tahsin kupitia upenyo. Jaketi jeusi, uso wa mtu aliyekosa usingizi. Bastola yake, yenye kizuia sauti, ilikuwa tayari kwenye paji la uso la Sheyhmus.

Zuhal akipiga, kidole cha Tahsin kitaminya.

Akangoja.

“Vua,” alisema Tahsin.

“Nivue nini?”

“Viatu, bwege wewe.”

“Hivi ni vya maiti.”

“Najua ni vya maiti.”

“Umemsomea?”

Tahsin hakuelewa. “Nini?”

“Fatiha. Mimi nilisoma mlangoni kwake ndiyo nikavaa. Wewe unakuja na bunduki. Nipige basi, utanivua mwenyewe, uvivae hivyo hivyo. Miguu ni yako.”

Tahsin alicheka. Kicheko kikaisha mapema. Alikulia Kasimpasha, kwa mama kama yule aliyembusu mkono saa ile, na huko hakuna mtoto aliyelelewa akagusa kiatu cha maiti bila kumsomea. Ungeweza kuona alivyojaribu kulitupa jambo lile. Alitazama viatu, vyeusi, vinang'aa, kamba mpya. Alitazama lango. Akarudi nyuma hatua, akaibana bastola kwapani, akafungua viganja.

Midomo yake ilikwenda. Zuhal aliifuata aya kwa aya moyoni mwake, kwa kuwa aliijua kama yeye, na alijua inapoishia. Pale mwisho, kila mmoja wao, tangu utoto, huinua viganja viwili akajipangusa uso, na vidole hupita juu ya macho.

Viganja vikapanda.

Macho yakafunikwa.

Zuhal akatoka.

Kitako cha Beretta kilimpata nyuma ya sikio. Tahsin alianguka kifudifudi kwenye makaratasi, bastola ikateleza chini ya mkokoteni.

“Amin,” alisema Sheyhmus.

Tahsin alipozindukana alikuwa amefungwa pingu kwenye gurudumu. Alimtazama Zuhal, akatazama pembeni.

“Nilimsomea kweli,” alisema.

“Najua.”

“Sikujua ana mama.”

Zuhal alikuwa amepiga goti, anabandua kisigino cha kushoto kwa ncha ya kisu. Ndani ya ngozi palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kidude kama punje ya dengu, kimefungwa kwa karatasi ya sukari ya kivukoni. Mama alikuwa ameviosha viatu vile kwa maji na mswaki, na karatasi ilikuwa kavu. Nejdet alifanya kila kitu kwa makini. Zuhal aliikunja karatasi akaitia mfukoni, na kwa muda mfupi hakuweza kuona anachokifanya.

Kisha akakiminya.

Alifungua kijikopo chake cha poda. Kioo kikageuka ramani ya bluu, na juu ya bluu ile nukta nyekundu ikawaka.

Haikuwa bandarini. Ilikuwa katikati ya bahari.

Alikirudisha kisigino mahali pake, akakipigilia kwa jiwe, misumari ile ile. Akamvisha Sheyhmus kiatu kwa mikono yake, akamfunga na kamba. Sheyhmus alitaka kumzuia akashindwa.

*

“Nyoka ameamka,” alisema sikioni, Vespa ikiteremka.

“Wapi?”

“Kivuko cha magari. Anatoka Sirkeji anakuja Harem. Tahsin yuko uwanja wa makaratasi, mtumie mtu.”

“Akishuka Harem, Haydarpasha ni hapo tu. Subiri kikosi.”

“Kiko wapi?”

“Ng'ambo. Ulaya.”

“Basi kitanikuta huko huko.”

Kivuko kilikuwa kimeshapunguza mwendo, kinageuza pua. Nyuma yake Mnara wa Binti umesimama peke yake juu ya mwamba. Kwenye sitaha ya magari, wa kwanza mlangoni, palikuwa na lori la matunda, na kando ya lori mzee wa koti la sufi laini ameegemea reli, anakunywa chai kwa starehe.

Zuhal alimwonyesha mfunga kamba wa gati kitambulisho chake, mkono mmoja ukiwa tayari umeshavua koti.

“Mwambie nahodha asishushe mlango.”

“Dada, gari zimepangana mpaka nje kule.”

“Zipangane.”

Alikimbia mpaka ukingoni, akaruka. Matairi ya gati yalimpokea mguu mmoja, reli ya kivuko ikapokea mikono. Maji yalichemka chini yake. Akajivuta juu.

Mlango haukushuka. Valke alikuwa mtu wa akili. Aliona hilo kabla ya wote. Glasi ikaanguka. Dereva wa lori, maskini, alikuwa bado anapiga honi wakati Valke aliporarua turubai, akavuta kreti moja ya zabibu, akaibwaga kwenye reli. Zabibu zikamwagika sitahani. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kijani na cheusi, kikubwa kama mtoto wa mwaka mmoja, pua bapa, tundu za macho tupu.

Mkono wa pili ulikuwa na Walther.

“Hatua moja tu,” alisema, “na kinazama.”

Watu walijibanza nyuma ya magari. Zuhal alisimama. Beretta ilielekea chini, ubavuni mwake.

“Ndani ya zabibu,” alisema. “Umekipenda sana hicho kisa.”

“Mimi ninakijua kisa. Nyinyi mnakiuza kwenye vikombe vya watalii.” Hakuwa amepandisha sauti. “Kimekaa chini ya tanuri la mkate, mama. Mia ya miaka juu ya mia, mnakanyaga juu yake na magunia. Mna haki gani nacho? Watu wenyewe kazi yenu kuuza chai.”

“Kitupe.”

Valke alikunja uso.

“Kitupe,” alirudia Zuhal. “Kuna kidude kooni mwake, kinalia mpaka chini ya maji. Wapiga mbizi watakitoa kabla ya magharibi. Wewe ndiye sijui kama watakutafuta.”

Kwa mara ya kwanza mtu yule alikitazama kichwa alichokibeba, ndani ya koo, kwenye giza. Alikipenda. Hilo ndilo lililomponza. Hakuweza kukiachia, na hakuweza kushika vitu viwili vizuri.

Walther iliinuka kwa kuchelewa.

Beretta ilisema mara moja.

Risasi ilimpita Valke begani. Bastola yake ikaenda majini, na nyoka akaanguka sitahani juu ya zabibu. Shaba ililia kama kengele, ikatetemeka, ikanyamaza.

Zuhal alimfunga Valke kwenye reli kwa pingu yake ya pili, akambana jeraha kwa shali ya sufi ya Valke mwenyewe.

“Huyo muuza chai,” alimwambia, “ndiye aliyekutia mkononi.”

Kisha akapiga magoti kukitazama kile kitu. Aliingiza kidole kooni akakigusa kidude kilichowekwa na Nejdet, kimebandikwa kwa nta, kimesawazishwa kwa dole gumba. Alama ya dole ilikuwa bado pale. Kichwa chenyewe kilikuwa kibaya, kimeliwa na udongo. Nejdet angekaa nacho mchana kutwa. Angekuwa na la kusema.

*

Sabri alimpongeza. Alisema Orsola imezuiwa, waziri amepiga simu, kichwa kitapelekwa makumbusho na itasemwa kilipatikana katika ukarabati wa mifereji. Tahsin atashtakiwa kwa ugomvi wa wauza madawa.

“Na Nejdet?”

“Tulishaongea.”

“Mmempata Valke. Basi inatosha.”

“Wa juu yake hatujawapata. Ndivyo kazi yetu ilivyo, Zuhal. Kalale.”

Hakwenda kulala. Jua lilikuwa bado juu ya minara ya upande wa pili alipopanda tena kile kichochoro, kwa miguu.

Halua ilikuwa imeshaiva, inapakuliwa kwenye visahani. Wanawake walikula kwa kijiko kidogo kidogo, kama dawa, bila kusemezana. Bi Pakize alipomwona aliweka upawa chini, akamshika kifundo cha mkono, akamwingiza chumba cha kulala na kuufunga mlango. Kitandani palikuwa na shati jeupe la Nejdet, limepigwa pasi.

“Kesho adhuhuri anaswaliwa,” alisema mama. “Imamu atawauliza watu, mlimjuaje marehemu. Unajua wanavyojibu. Tulimjua mwema. Wataniangalia usoni waseme tulimjua mwema, na hakuna hata mmoja atakayekuwa anasema kweli.” Alipumua. “Leo watu wengi wameuliza viatu vyake. Wewe umeuliza kwa heshima. Niambie. Alikuwa anauza kitu kibaya?”

Sikioni mwa Zuhal kile kipokea sauti kilikuwa bado wazi. Alisikia Sabri akivuta pumzi.

“Hapana, mama.”

“Niapie.”

“Naapa. Kulikuwa na mtu anataka kuchukua kitu cha mji huu akiuze mbali. Nejdet alimzuia. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Chai ilikuwa nguo tu. Nilifanya naye kazi miaka yote hiyo na sikuona mtu kama yeye.”

“Zuhal,” ilisema sauti sikioni.

Bi Pakize alikaa juu ya kitanda, kando ya shati. Hakulia. Alilainisha ukosi wake kwa kidole, kulia, kushoto. Kisha akasimama, akajifunga shungi upya.

“Fungua mlango,” alisema. “Yaseme hayo kule.”

“Mama, mimi nimekatazwa.”

“Na mimi nazika kesho.”

Sebuleni visahani vilikuwa vinagongana. Zuhal alijua gharama yake. Akitamka mbele ya wale, uso wake umekwisha. Hatavaa tena jina la uongo, hatapanda tena kivuko na mtu wa kumfuatilia, na huenda asibaki hata na mshahara. Alijua pia kwamba Sabri hakukosea. Wako wengine juu, na leo usiku watasikia.

“Zuhal, hiyo ni amri.”

Akafungua mlango.

Alisimama katikati ya zulia, miguu mitupu kama wao, akatoa kitambulisho akakishika juu wakione. Akasema jina lake la kweli. Akasema idara yake. Akasema kwamba Nejdet, mwana wa Pakize, alikuwa mwenzake, kwamba hakuuza madawa siku hata moja, kwamba yaliyokutwa yaliwekwa na serikali yenyewe ili kuficha kazi yake, na kwamba ameuawa alfajiri hii bila kutaja jina la mwenzake yeyote.

Vijiko vilisimama. Mujgan alikuwa na donge la halua mdomoni, hakujua alimeze au alitoe.

Bi Pakize alipita mbele yake na upawa, akamwongezea kwenye kisahani.

“Kula, Mujgan,” alisema. “Bado ya moto.”

Zuhal aliinama akaubusu mkono wa mama, akauweka kwenye paji la uso. Akatoka. Alivaa viatu vyake ngazini, akaanza kuteremka.

“Unajua umefanya nini,” alisema Sabri, taratibu, na hapo alisikika kama mzee.

“Najua, bwana.”

“Asubuhi utaleta bastola.”

“Nitaileta.”

Akakitoa kile kipokea sauti sikioni, akakiacha juu ya ukuta wa kisima cha mtaa, kinaendelea kuongea peke yake.

Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia. Kwanza sauti moja, nyembamba, ya mama. Ikapanda, ikashuka. Kisha nyingine ikaipokea, na nyingine, mpaka nyumba nzima ikaitikia, na madirisha ya kichochoro yakafunguliwa moja baada ya jingine, na wanawake waliokuwa wamejifungia tangu asubuhi wakatoka wanajifunga mashungi, wanakwenda huko juu. Walimpita. Alijibana ukutani wapite.

Hakugeuka nyuma. Alitia mikono mfukoni, akateremka kuelekea baharini.